Aulizaye Mashine, Je, Amesoma?

Wazee wetu walitufundisha ya kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Neno hilo ni jema, wala hapana alikataaye. Lakini siku hizi limetokea swali ambalo wazee hawakulikuta. Ikiwa mtu auliza, naye amjibuye si mwanadamu wala si kitabu, ila ni mashine iliyopewa karatasi elfu nyingi, ikazipitia kwa nukta chache na kumletea jibu lililokwisha kupangwa vizuri, je, mtu huyo amesoma? Aweza kusema, "Najua"? Tena akilichukua jibu lile mpaka barazani, likamwondolea mwenziwe shamba au likamharibia jina lake, ni nani atakayeulizwa?

Watu wengine hudhani kwamba swali hili ni la wataalamu tu. Sivyo. Nchi yetu ya katikati imekuwa nchi ya karatasi. Mwaka wa 1973 iliamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, nayo ikapima viwanja na kuandika majalada mpaka ilipovunjwa mwaka wa 2017. Bunge hukaa hapa, na kila neno lisemwalo ndani yake huandikwa katika Taarifa Rasmi. Tangu mwaka wa 2016 wizara zilihamia moja baada ya moja, na kila wizara ilikuja na makabati yake. Hukumu za mahakama zetu husomwa bure katika mtandao uitwao TanzLII. Hata usharika mdogo una vitabu vyake vya ubatizo na vya ndoa, una mihtasari ya baraza la wazee, na barua za miaka mingi zilizofungwa kwa kamba. Mithali yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa madaftari yamekuwa mengi hata habari yenyewe hupotea ndani yake. Ndiyo maana watu wamefurahi kusikia ya kuwa iko mashine iwezayo kuyasoma yote na kujibu.

Basi, na tukitazame kwanza chombo chenyewe, maana si haki kukihukumu kitu tusichokielewa. Njia itumiwayo sana ilielezwa na watafiti mwaka wa 2020, nayo ni hii. Karatasi zote huingizwa katika kompyuta, kisha hukatwa vipande vifupi, pengine aya moja moja. Kila kipande hugeuzwa kuwa orodha ndefu ya tarakimu, kwa namna ambayo vipande vyenye maana za karibu hupata tarakimu za karibu. Mtu aulizapo, swali lake nalo hugeuzwa hivyo hivyo, na mashine huchagua vipande vichache vilivyo karibu na swali. Vipande hivyo hukabidhiwa akili mnemba, yaani programu iliyozoezwa kwa maandishi mengi mno ya watu, nayo hutunga jibu neno baada ya neno, ikifuata desturi ya maneno yanavyoandamana. Jibu hutoka limenyooka, halina kigugumizi, na mara nyingi halina dalili ya shaka.

Mtu aliyeelewa hayo ataona mara moja faida yake. Karani aliyetafuta barua moja juma zima aweza kuipata kabla chai yake haijapoa. Mzee ambaye macho yake yamechoka aweza kuuliza kwa maneno ya kinywa. Tena liko jambo kubwa zaidi. Sheria za nchi yetu ziliandikwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi. Mwaka wa 2021 ndipo sheria ilipobadilishwa, Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Walakini hukumu nyingi za zamani zingali katika Kiingereza. Mkulima wa Bahi au mfugaji wa Chamwino asiyejua lugha hiyo alikuwa amesimama nje ya mlango uliofungwa, akingoja mtu wa kumfungulia, na mara nyingi afunguaye alidai fedha. Sasa aweza kuuliza kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Asemaye kwamba chombo hiki hakifai kabisa, na akumbuke kwamba yeye mwenyewe pengine ana funguo.

Hayo ndiyo mema yake, na ni mema kweli. Lakini kati ya jibu la mashine na kweli yenyewe iko mianya mitatu, na mtu asiyeijua huanguka ndani yake.

Mwanya wa kwanza uko kati ya neno la mashine na neno la karatasi. Mwaka wa 2023, katika mji wa New York, mawakili wawili walipeleka mahakamani hoja iliyotaja kesi sita ambazo hazikuwapo duniani. Walikuwa wameiuliza programu iitwayo ChatGPT, nayo ikawatungia majina ya kesi, na maneno ya majaji pia. Jambo la kustaajabisha ni kwamba shaka ilipowaingia, waliiuliza mashine ile ile kama kesi zile ni za kweli, nayo ikajibu kwamba ndizo. Jaji Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000. Wala tusidhani kuwa mambo hayo ni ya ng'ambo tu. Mwezi wa Januari mwaka wa 2025, Mahakama Kuu iliyoko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, iliwakemea mawakili kwa sababu kesi nyingi walizozitaja hazikuonekana mahali popote.

Mtu atasema, "Mashine zile zilijibu kutoka kichwani mwao. Hii yetu imefungwa kwenye karatasi tulizoipa, haiwezi kubuni." Ni kweli kwamba dawa hii ya karatasi ilitengenezwa kwa sababu ya ugonjwa ule, nayo imepunguza homa. Lakini haijaiondoa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu mwaka wa 2024 zana za namna hii zilizotengenezwa kwa ajili ya wanasheria, ambazo hutafuta kwanza katika makusanyo ya hukumu. Waliona kwamba hata zilizo bora zilikosea au kutaja ushahidi usiotegemeza neno lake katika zaidi ya maswali 17 kwa kila 100, na moja yao ilipita 30.

Sababu si ngumu kuiona. Tumesema kwamba karatasi hukatwa vipande. Tuseme kanuni fulani yaeleza haki ya mtu katika aya moja, na aya ya pili yaanza kwa neno "isipokuwa." Kisu kikipita katikati yake, haki itakuwa katika kipande kimoja na sharti lake katika kipande kingine. Mashine ikichagua cha kwanza na kukiacha cha pili, itakuwa imetaja maneno yaliyoandikwa kweli, na hata hivyo jibu lake litakuwa la uongo. Mtu asomaye ukurasa mzima kwa jicho lake hakosi kuliona lile "isipokuwa," hata kama anasoma polepole kwa kidole.

Tena tutazame mfano huu. Mwaka wa 1963 Serikali ilitangaza kanuni za mila kwa makabila yafuatayo ukoo wa kiumeni. Kanuni hizo zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maadamu yu hai, lakini hazikumpa ruhusa ya kuiuza. Mwaka wa 1990 Jaji Mwalusanya, wa Mahakama Kuu ya Mwanza, aliamua katika kesi ya mwanamke wa Kihaya kwamba ubaguzi huo haupatani na haki zilizomo katika Katiba, na kwamba mwanamke aweza kuuza kama aliyeruhusiwa mwanamume. Sasa tuseme binti mmoja aliyeachiwa shamba na babaye auliza, "Je, mwanamke aweza kuuza ardhi ya ukoo?" Katika makusanyo ziko karatasi zote mbili. Maneno ya kanuni ya mwaka wa 1963 yafanana sana na maneno ya swali lake. Hukumu ya mwaka wa 1990 ni ndefu, yaeleza mambo mengi, na ni ya Kiingereza. Mashine ipimayo ukaribu wa maneno yaweza kuileta ile ya kwanza peke yake na kumjibu kwa upole kwamba hawezi. Hapo hapakubuniwa kitu. Karatasi ipo, nambari yake ipo, mwaka wake upo. Naye binti yule atarudi nyumbani ameinamisha kichwa, akiamini ya kuwa sheria yenyewe imemnyima.

Mwanya wa pili uko kati ya neno la karatasi na kweli. Hapa hatuna haja ya kwenda mbali, maana Kongwa ni jirani yetu. Mwaka wa 1946 Serikali ya Uingereza iliwatuma watu watatu, wakiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkuu wa kilimo wa Tanganyika, waje kuchungua kama karanga zaweza kulimwa kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Walizunguka kwa muda wa majuma tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege. Wakaandika taarifa nzuri sana, yenye hesabu za ekari zaidi ya milioni 3, na mwaka wa 1947 kazi ikaanza Kongwa. Matrekta yaliletwa, mibuyu ikang'olewa, reli ikajengwa. Lakini udongo wa Kongwa, wakati wa kiangazi, hukauka ukawa mgumu kama tofali, na karanga zikashikwa humo zisitoke. Mvua nayo ni kama ilivyo mvua ya Ugogo siku zote: mwaka huu yaja, mwaka ujao yachelewa, pengine yakatika shamba likiwa limechanua. Mwezi wa Januari mwaka wa 1951 kazi ile ilikomeshwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimepotea, na sehemu ya nchi ile ikawa malisho ya ng'ombe, kama walivyoitumia wenyeji tangu kale.

Sasa fikirini, ndugu. Taarifa ile ya mwaka wa 1947 ingalipo. Imeandikwa kwa utaratibu, imejaa tarakimu, imetiwa sahihi na watu wenye vyeo. Mtu akiiweka katika makusanyo yake na kuiuliza mashine, "Je, nchi ya Kongwa yafaa kwa karanga?" aweza kupata jibu zuri lenye ushahidi wa maandishi, na mashine haitakuwa imesema uongo juu ya karatasi. Karatasi ndiyo iliyokosea. Mzee wa Kigogo aliyepanda uwele na mtama katika nchi ile miaka hamsini angaliweza kuwaambia habari za mvua, lakini maneno yake hayakuwamo katika taarifa. Basi tukumbuke ya kuwa swali liulizwalo mashine huwa daima ni hili, "Karatasi hizi zasemaje?" hata kama sisi tumeliandika kwa namna ya, "Kweli ni nini?" Maswali hayo mawili yafanana kama ndugu wa tumbo moja, lakini si mtu mmoja.

Mwanya wa tatu uko kati ya yaliyoandikwa na yasiyoandikwa. Wazee wa Ugogo waliitaja njaa kubwa iitwayo Mtunya, iliyokuwapo kati ya mwaka wa 1917 na wa 1920. Vita vya Wadachi na Waingereza vilipita katika nchi hii. Majeshi yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, yalichukua wanaume wawe wapagazi. Kisha mvua ikakosekana. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeandika habari zake mwaka wa 1990, ataja watu 30,000 hivi waliokufa katika watu 150,000 waliokuwa wakikaa nchi hii. Hiyo ni hesabu ya kutisha: katika kila watu watano alikufa mmoja.

Ulizeni mashine habari za Mtunya, nayo ikiwa imepewa majalada ya serikali, itawaambia magunia mangapi yalitakiwa, na barua gani ilitoka kwa mkubwa gani kwenda kwa mkubwa gani. Mama aliyechimba mizizi porini apate kuwalisha wanawe hakuandika barua. Aliyezikwa njiani hakuandikwa jina. Karatasi za wakati ule ziliandikwa na wale waliochukua ng'ombe, si na wale waliochukuliwa. Kwa hiyo mashine, hata ikiwa haina kosa hata moja, itaona njaa ile kwa macho ya mwenye ofisi. Tena mara nyingi haitasema, "Hapa wako watu walionyamaza." Kimya hakikatwi vipande, wala hakigeuzwi tarakimu.

Kuna mtu mmoja wa nchi yetu aliyejua jambo hili kabla ya mashine hizi kuwapo. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka wa 1917, mwaka ule ule wa kuanza kwa njaa, alikuwa Mgogo na mshairi, tena mtumishi wa serikali aliyeyazoea makaratasi. Lakini alipotaka kuandika habari za watu wake, aliwaendea wazee, akawauliza na kuwasikiliza, na kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo kikapigwa chapa mwaka wa 1954. Kama asingalifanya taabu ile, mengi yangalizikwa pamoja na waliyoyajua, na leo mashine ingaliulizwa isingalikuwa na la kujibu. Makusanyo ya karatasi hayaoti kama majani. Kila karatasi iliyomo yatokana na mtu aliyeona kuwa jambo fulani lastahili taabu ya kuandikwa, na kila isiyokuwamo yatokana na mtu aliyeona kwamba halistahili, au asiyepewa kalamu.

Sasa tumefika kwenye moyo wa jambo. Mianya hii mitatu yaweza kupunguzwa na mafundi. Pengine siku moja mashine zitakosea mara chache kuliko karani aliye hodari. Je, siku hiyo swali letu litakwisha? Nadhani halitakwisha, maana chini yake liko swali la ushuhuda.

Mtu asemapo barazani, "Shamba hili ni la fulani," hafanyi kazi ya kupitisha habari tu, kama mfereji upitishavyo maji. Anajiweka rehani. Aseme kweli, ataheshimiwa. Aseme uongo, ataona haya, atatozwa, jirani watamkwepa. Ndiyo sababu shahidi huulizwa kwanza, "Ulikuwapo? Uliona kwa macho yako, au uliambiwa? Uliambiwa na nani?" Amri ikatazayo kumshuhudia jirani uongo yategemea jambo hilo: kwamba yuko mtu nyuma ya neno. Mashine haiwezi kujiweka rehani. Haina haya, haina jirani, haina shamba la kutozwa. Ikikosea leo, kesho itajibu kwa sauti ile ile. Basi neno lake likipita kinywani mwangu, deni lote la neno hilo laniangukia mimi. Siwezi kusema, "Mashine ndiyo iliyosema," kama vile mtu asivyoweza kusema, "Mundu ndio uliokata," na mkono ulioushika ulikuwa wake.

Kumtuma mwingine akutafutie kitu, hilo laruhusiwa. Mzazi humtuma mtoto dukani, na mkubwa humtuma karani kabatini. Lakini kushuhudia hakutumwi. Hapa ndipo penye mpaka, na aujuaye mpaka huu aweza kuitumia mashine bila hofu nyingi. Itume ikatafute; ikileta karatasi, isome wewe; ukiisha kusoma, sema wewe.

Najua ya kuwa yako majibu juu ya hayo, nayo yafaa kusikilizwa.

Wa kwanza atasema, "Tangu zamani watu wamewategemea wengine. Babu zetu wasiojua kusoma walisomewa barua zao na karani, wala hakuna aliyewaambia kuwa wametenda dhambi." Ni kweli. Lakini kumbukeni walivyofanya wale babu. Barua ikiwa ya salamu tu, msomaji mmoja alitosha. Ikiwa barua ya deni, au ya mahari, au ya kesi, wengine waliificha mfukoni na kumpelekea msomaji wa pili wa kijiji kingine, bila kumwambia kuwa imekwisha kusomwa. Maneno ya wawili yakipatana, ndipo walipoamini. Tena karani yule walimjua: walijua nyumba yake, na walijua kama ni mlevi. Watu wasiojua herufi hata moja walikuwa na busara ya kusomewa. Je, sisi tuliokwenda shule tuwe wajinga kuliko wao? Mawakili wale wa New York waliirudisha barua kwa msomaji yule yule.

Wa pili atasema, "Mwanadamu naye hukosa, pengine kuliko mashine." Hili nalo ni kweli. Walakini mwanadamu mwema akiwa na shaka husema, "Nadhani," au, "Sikumbuki vema," na uso wake huonyesha. Shaka hiyo ni sehemu ya habari anayotupa. Mashine mara nyingi husema mambo iliyoyapata na mambo iliyoyaunganisha yenyewe kwa sauti moja, kama saa ya ukutani ipigayo hata ikiwa imechelewa. Shaka isipotoka kwake, sharti tuilete sisi.

Wa tatu atasema neno lililo zito kuliko yote: "Ninyi mwasema, 'Soma mwenyewe.' Lakini huyo binti wa shamba hajui Kiingereza. Hana siku ya kupoteza mjini. Mkimwambia asome hukumu yenyewe, mmemrudisha nje ya mlango ule ule." Jibu hili lanichoma, wala sitalipuuza. Ni haki kabisa kwamba mzigo usitupwe juu ya mabega yaliyo dhaifu. Kwa hiyo nasema kwamba sehemu kubwa ya wajibu huu ni ya wale watengenezao makusanyo na wale waliosoma. Wenye makusanyo sharti wahakikishe kwamba kila jibu laonyesha ukurasa lilikotoka, ukurasa mzima, na mwaka wake, na kwamba karatasi ya asili yatunzwa, isichomwe kwa kuwa picha yake imekwisha ingia kompyutani. Sharti pia awepo mtu mwenye jina ambaye mlalamikaji aweza kumwendea. Nao waliosoma, yaani mwalimu, mchungaji, karani wa kata, na kijana aliyemaliza chuo kikuu akarudi kijijini, hao ndio msomaji wa pili. Zamani waliombwa kusoma barua. Sasa wataombwa kuusoma ukurasa ule ulioletwa na mashine, wamwambie mwenyewe kama kweli wasema vile. Kazi hiyo ni ndogo kuliko ya kutafuta tangu mwanzo, basi asiwepo wa kuikataa wala wa kuidai fedha.

Mtu ataka kipimo, ajue lini imtoshe mashine na lini asome. Naona kipimo kimoja kinachofaa. Tazama neno lako litamgusa nani. Ukitaka kujua tu reli ilifika Dodoma mwaka gani, uliza, upate jibu, uendelee na kazi yako. Ukikosea, hakuna aliaye. Lakini kadiri neno linavyokaribia shamba la mtu, au ndoa yake, au urithi wa watoto wake, au jina lake jema, au adhabu yake, ndivyo yakupasavyo kulikaribia karatasi kwa macho yako mwenyewe, na baada ya karatasi kuwaendea watu waliokuwapo. Asomaye muhtasari wa miaka arobaini iliyopita apate kujua kama mzee fulani alikopa fedha za usharika akazirudisha, asiridhike na mstari mmoja aliotolewa. Na afungue daftari. Pengine ukurasa wa pili waonyesha kwamba alirudisha.

Watu wa Beroya walisifiwa kwa sababu walimsikiliza Paulo kwa moyo wa utayari, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo yale ndivyo yalivyo. Mambo yote mawili yalikuwamo katika sifa yao. Asiyekuwa na utayari hatajifunza jipya. Asiyechunguza atajifunza lolote aambiwalo. Ikiwa hata mtume alichunguzwa wala hakuudhika, mashine haitaudhika.

Basi nirudi kwenye swali: aulizaye mashine, je, amesoma? Bado hajasoma. Ameonyeshwa mahali pa kusoma, na hilo ni jambo la kushukuru, maana wengi katika nchi hii walitafuta maisha yao yote wasionyeshwe. Aonyeshwaye kisima hajanywa. Na ainame, ateke, ayatazame maji kama ni safi, ndipo anywe, na ndipo amchotee jirani yake.